Daftari la Katekista

Baba yangu alizika watu wengi kuliko padri yeyote niliyewahi kumjua, na hakulala seminari hata usiku mmoja.

Alikuwa mwalimu wa dini. Ndivyo tulivyowaita makatekista huku kwetu, na wazee bado wanawaita hivyo. Kijiji chake kilikuwa katika milima ya Marungu, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Kirungu. Padri alifika mara tatu kwa mwaka, mara nne ikiwa mvua zimemwonea huruma. Siku zote nyingine Kanisa lilikuwa baba. Jumapili aliongoza sala, Jumatatu alikuwa shambani, Jumatano jioni aliwakalisha watoto kibarazani akawafundisha Baba Yetu, na mtu akifa usiku wa manane walikuja kumgongea yeye. Mshahara? Mama alikuwa akilisikia neno hilo anacheka mpaka anajishika mbavu.

Alichokuwa nacho ni daftari. Lilikuwa na jalada la buluu lililogeuka kijivu, na alikuwa amelijaza kwa mkono wake siku alizokaa Kirungu kufundwa. Mwanzoni kulikuwa na utaratibu wa maziko. Kisha ubatizo wa mtu aliye katika hatari ya kufa: maji yamwagwe wapi, maneno gani yasemwe, na onyo, limepigiwa mstari mara mbili, kwamba asimbatize aliyekwisha kukata roho. Kisha majina ya wanafunzi wa ubatizo, nani amehudhuria, nani ametoroka. Katikati, kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu, kulikuwa na hesabu za mahindi. Novemba 1984 waasi walipoiteka Moba, kila mtu alikimbia na alichoweza kubeba. Mama alibeba sufuria na mdogo wangu. Baba alibeba kuku na daftari.

Mhariri ameniomba nieleze jinsi viongozi wa Kanisa wanavyoandaliwa katika sehemu zetu hizi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimekaribia kustaafu, na kila kiangazi husaidia kuwafunda makatekista. Niliwahi pia kuwa mseminari kwa miaka minne. Kwa hiyo nitaeleza, lakini nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu Kirungu si mahali pa kawaida katika habari hii.

Msomaji asiyepajua kwetu achukue ramani, atafute Ziwa Tanganyika, ashike ufuko wa magharibi. Kutoka Kalemie ashuke kusini mpaka bandari ya Moba, kisha apande. Kupanda ndiko kwenyewe. Bandarini kuna joto, harufu ya ndagaa na kelele za wapagazi, na juu kwetu kuna ubaridi, miti iliyopandwa kwa mistari, na majengo ya matofali ya kuchoma ambayo mgeni huyaona akauliza ni nani aliyeyabeba mpaka huku. Tulibeba sisi, yaani babu zetu. Wazungu walipaita Baudouinville, kwa jina la Baudouin, mtoto wa nduguye mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kijana aliyekufa mwaka 1891 na ambaye hakuwahi kuliona ziwa hili. Jina hilo liliondoka. Kirungu imebaki, na jimbo letu leo linaitwa Kalemie-Kirungu.

Waliopaanzisha ni Mapadri Weupe. Weupe huo ni wa kanzu, wala haukuwa wa ngozi, ingawa hapo mwanzo yote mawili yalikwenda pamoja. Shirika lao lilianzishwa na Charles Lavigerie kule Algiers mwaka 1868. Mwaka 1885 walikabidhiwa kituo cha Mpala, kaskazini yetu kando ya ziwa, ambacho watu wa Leopold walikuwa wamekijenga miaka miwili nyuma. Nchi ilikuwa inanuka damu. Misafara ya watumwa ilipita, vijiji vilichomwa, na wamisioni walikuwa wanajaza vituo vyao watoto waliowakomboa. Mwaka 1887 akaja kapteni Mfaransa, Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, kuwalinda kwa bunduki. Mwaka 1893 Padri Victor Roelens, Mbelgiji, akaanzisha misioni huku juu. Baadaye akawa askofu. Alifia hapa mwaka 1947.

Roelens alikuwa mtu mgumu, na aliyoyaandika juu ya Waafrika mengine hayasomeki leo bila kukunja uso. Lakini kuna jambo moja alilolishikilia wakati Wazungu wenzake wengi walilicheka: kwamba mtoto wa Marungu anaweza kuwa padri, padri kamili, wa Kilatini na teolojia yake yote. Mwaka 1899 pale Mpala akawakusanya wavulana wachache, wakaanza kukariri Kilatini. Mmoja wao alikuwa mtoto aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1880, wakati wa hofu ya watumwa. Jina lake Stefano Kaoze.

Hapa naomba tutulie kidogo.

Kaoze aliingia darasani mwaka 1899 na akapewa upadri Julai 1917, hapa hapa Kirungu. Toa mwenyewe: miaka 18. Wenzake alioanza nao waliachia njiani mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1905 masomo ya juu, falsafa na kisha teolojia, yalifunguliwa huku Baudouinville, na mwanafunzi aliyeyabeba mpaka mwisho akawa yeye. Nilipokuwa mseminari tulikuwa tukilala vijana zaidi ya thelathini katika chumba kimoja, tunachekana, tunaibiana sabuni, na bado nililia kwa upweke. Yeye kwa miaka alikuwa kijana Mwafrika wa aina yake peke yake katika nchi nzima ya Kongo, wazungu wakimwangalia waone kama ataweza, na ndugu zake wakimwangalia waone kama amerogwa, maana mwanamume mzima asiyetaka kuoa ni jambo la kuuliza mganga. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa bado vinaendelea alipowekewa mikono. Papa Benedikto XV hakutoa barua yake ya kuhimiza mapadri wenyeji mpaka 1919. Kirungu ilikuwa imeshamaliza kazi hiyo miaka miwili kabla.

Shuleni tunawafundisha watoto kwamba Kaoze ni padri wa kwanza wa Kongo ya leo. Wanaandika, wanapata alama, wanasahau. Mimi huona tunamkosea. Kuwa wa kwanza ni bahati ya tarehe. Alilolifanya kabla ya upadri ndilo linalonishangaza. Mwaka 1910, akiwa bado mwanafunzi, alichapisha katika jarida moja la Ubelgiji maandishi ya Kifaransa juu ya saikolojia ya Wabantu, yaani fikra, hisia na mwenendo wa watu wake wa Marungu. Wanaojua mambo ya vitabu husema ndiyo maandishi ya kwanza ya Mkongo kuchapishwa kwa lugha hiyo. Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyesifika duniani kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, alikitoa mwaka 1945. Kaoze alikuwa ametangulia kwa miaka 35. Na Januari 1960, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alipobishana na mwalimu wake Alfred Vanneste iwapo inaweza kuwepo teolojia ya Kiafrika, mabishano hayo yakaingia katika vitabu vya historia. Nami husema moyoni: lakini kijana wa huku kwetu alikuwa ameshakaa juu ya mlima, nusu karne nyuma, akijaribu kuwaeleza wazungu kwamba watu wake wana akili ya kufikiri, na kwamba anayetaka kuwahubiria aanze kwa kuisikiliza.

Kaoze aliishi mpaka 1951. Baada ya vita vya pili serikali ya koloni ilimteua katika Baraza lake la Serikali. Alifia Albertville, ndiyo Kalemie ya leo.

Seminari iliendelea kuzaa. Yule kapteni Joubert alimwoa binti wa huku, Agnes Atakao, wakapata watoto, na mmoja wao, Albert, aliyezaliwa 1908, akawa padri mwaka 1935. Aliuawa Fizi tarehe 28 Novemba 1964 wakati wa uasi wa Simba, siku moja na wamisioni watatu Waitaliano. Agosti 2024 wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira. Huku Moba vigelegele vilipigwa kana kwamba mtoto ametoka kuzaliwa.

Sasa, msomaji ataniuliza: kama mlikuwa na haya yote tangu 1899, kwa nini unaanza na daftari la baba yako?

Kwa sababu hesabu haikubali. Mvulana wa leo anayetaka upadri husoma sekondari miaka sita, mara nyingi katika seminari ndogo. Halafu mwaka mmoja wa matayarisho, miaka mitatu ya falsafa, minne ya teolojia, na muda wa kuonja kazi parokiani. Hiyo ni miaka 14 au 15. Si mingi, nisieleweke vibaya. Nisingependa kutibiwa na daktari wa miaka miwili, na roho si nyepesi kuliko ini. Lakini kati ya wanaoingia, wanaofika mwisho ni wachache. Nami mmojawapo sikufika. Nilitoka kwa hiari, mwaka wa nne, nikarudi na sanduku langu la bati kichwani. Mama hakutoka nje siku tatu kwa aibu. Baba alinitazama, akaniambia, "Kesho kuna maziko ng'ambo ya mto. Utanishikia kitabu." Hapo ndipo mafunzo yangu ya kweli yalipoanza.

Na padri huyo aliyesoma miaka 15 akipewa parokia yetu, anakabidhiwa vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini, ambavyo akivizungukia vyote kwa pikipiki, masika yakiisha kuharibu barabara, mwaka unaisha hajarudi pale alipoanzia. Katika kila kigango yupo mwalimu wa dini. Huyo ndiye anayefariji wajane, anayesuluhisha ndoa, anayefundisha, anayejibu mtoto anapouliza Mungu alizaliwa na nani. Mafunzo yake? Wiki mbili. Kukiwa na fedha, wiki tatu.

Zamani haikuwa hivi kabisa. Wazee wanasimulia kwamba katekista alikwenda chuo na mkewe na watoto, wakakaa huko muda mrefu, mke akijifunza kushona na usafi, mume akijifunza Maandiko, na wote wakilima shamba la chuo. Lavigerie mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1881 alifungua chuo huko Malta, akawapeleka vijana Waafrika waliokombolewa utumwani wasomee utabibu, warudi wakiwa katekista na tabibu kwa pamoja. Mmoja wao, Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu na kuuzwa akiwa mtoto, alifika Karema, ng'ambo ya ziwa upande wa Tanzania, mwaka 1889. Alitibu na kufundisha dini pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Nimewahi kukutana na mzee mmoja mvuvi aliyedai kwamba nyanya yake alichanjwa na Atiman. Huenda ni kweli, huenda ni uvuvi.

Jambo hilo la utumwa si la Atiman peke yake. Ukiangalia mwanzo wa shule za uongozi wa Kanisa katika nchi za Waswahili, unakuta watu waliovuliwa minyororo. Kiungani, Zanzibar, Waanglikana walifundisha watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa, na mmoja wao, Cecil Majaliwa, Myao, akawa padri mwaka 1890. Shule ya teolojia ya Limuru, Kenya, ilianzia mwaka 1903 Frere Town, Mombasa, makao ya watumwa walioachwa huru. Mpala yetu ni hivyo hivyo. Ni kana kwamba waliokuwa hawana ukoo wala shamba ndio waliokuwa na nafasi ya kusoma. Wenye ukoo walikuwa na shughuli.

Niwapeleke sasa darasani kwetu. Ni Julai, mavuno yameisha, upepo wa kiangazi unapuliza vumbi jekundu. Makatekista wanafika jioni, mmoja mmoja. Wapo wanaokuja kwa miguu, wapo wanaokuja kwa boti mpaka bandarini kisha wakapanda mlima, wapo wanaosukuma kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, imebeba gunia la mahindi la kuuza ili wapate sabuni na nauli ya kurudia. Kila mmoja anakuja na unga wake wa bukari, yaani ugali. Tunalala darasani, madawati yamesukumwa ukutani. Mdogo kabisa ana miaka 24. Mkubwa hajui amezaliwa lini, anajua tu kwamba alikuwa anachunga mbuzi Uhuru ulipokuja.

Mwaka wa kwanza nilipoanza kufundisha nilileta karatasi nilizozipata kwa watu wa mjini, nzuri, zimechapwa kwa mashine, kwa Kifaransa. Nilizigawa. Wakazipokea kwa mikono miwili, wakazitazama kwa heshima, wakazikunja na kuzitia mfukoni. Hakuna aliyeuliza swali. Jioni nikamkuta mzee mmoja anaishika karatasi yake mbali kabisa, mkono umenyooka, kisha karibu, kisha mbali tena. Nikafikiri ni Kifaransa kinachomshinda. Nikaileta Biblia ya Kiswahili, akafanya vile vile. Macho. Zaidi ya nusu ya darasa langu lilikuwa halioni herufi. Walikuwa wakisoma masomo ya Jumapili kwa kukumbuka walivyoyasikia ujanani, na palipokosekana waliziba kwa maneno yao. Tulikuwa na miwani moja ya kusomea, ya kwangu. Ilizunguka darasa zima kama kata ya pombe.

Nimewahi kuona pia aina nyingine ya mafunzo. Shirika moja la mbali lilileta wageni wa siku tatu, na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Umeme haukuwepo. Jenereta likawaka nusu saa, likakohoa, likazima. Wageni wakagawa vyeti na fulana. Vyeti hivyo vipo mpaka leo kwenye kuta za makatekista, na fulana ndizo wanazolimia.

Teolojia yenyewe huanza usiku, bukari ikiisha kuliwa. Hapo ndipo maswali yanapotoka. Mzee mmoja aliuliza: nyumbani kwake binti amezaa mapasa, yaani mapacha, na mila inataka ukoo mzima uimbe nyimbo za mapasa, ambazo msomaji anayezijua anajua kwamba haziimbwi mbele ya padri. Asipoimba, mtoto mmoja akiugua watasema ni yeye. Akiimba, Jumapili atasimamaje mbele ya watu? Mwingine akauliza juu ya marehemu kakaye anayemjia ndotoni akidai deni. Je, alilipe? Amlipe nani?

Alikuwepo padri kijana, msomi, mtoto wetu wenyewe, amekuja kutusaidia. Akajibu swali la mapasa kwa kuanzia sheria za Kanisa, akataja vifungu, akatamka neno inkultirasyon, yaani kuivika imani utamaduni wa watu, mara tatu. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha mama mmoja kutoka kando ya ziwa, katekista, mjane, aliyekuwa amekaa nyuma akichambua mboga, akaomba ruhusa.

"Padri, mwanangu, samahani. Kwetu nyimbo zile nilizichukua zote. Nikaondoa maneno mabaya, nikaweka majina ya watoto. Ngoma nikaiacha ile ile. Wazee walinuna siku moja. Siku ya pili walicheza."

Padri kijana, na hapa ndipo nilipompenda, alitoa kalamu akaandika.

Mama huyo huyo alitusimulia habari ambayo mpaka leo naifundisha. Kijijini kwake radi ilimpiga kijana wa watu. Wakaenda kwa mganga, mganga akamtaja bibi kizee anayeishi peke yake: ni mlozi. Vijana wakaandaa fimbo. Yeye hakuwa na daftari linalosema katekista afanye nini hapo. Alibeba mkeka wake, akaenda kulala mlangoni kwa yule bibi. Usiku nne. Vijana walikuja mara mbili, wakamkuta, wakashindwa kumruka, maana aliwabatiza wengine wao kwa mkono wake walipokuwa wachanga wanakufa kwa malaria. Jambo likapoa. Alipomaliza kusimulia akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli: "Mwalimu, moja ya siku zile ilikuwa Jumapili, na sala sikuongoza. Niliungame?"

Ningekuwa askofu ningempa kiti cha kufundishia.

Jirani yangu, pasta wa Kipentekoste, ambaye tunabishana naye kila wiki juu ya Bikira Maria, anao mfumo ninaouonea wivu. Wanaita elimu ya teolojia kwa enezi. Ilianzia Guatemala mwaka 1963, seminari ya Wapresbiteri ilipogundua kwamba inasomesha vijana wasiorudi vijijini huku viongozi wenyewe wa vijiji wana mke, shamba na watoto na hawawezi kuja bweni. Basi wakageuza: kitabu kimfuate mtu. Mwanafunzi anasoma nyumbani, kwa kurasa chache, anajibu maswali, na mara kwa mara mwalimu anakuja wanakutana. Jirani yangu amesoma hivyo miaka kadhaa bila kuacha mihogo yake. Vijitabu vyake ni vya Kiswahili, vingi vimevuka ziwa kutoka Tanzania. Ananiazima. Nikiona sehemu inayowasema vibaya Wakatoliki, ninairuka.

Sisi Wakatoliki wa Kongo hatukosi maamuzi mazuri. Maaskofu wetu walichagua mwaka 1961 kulijenga Kanisa juu ya jumuiya hai, kabla ya nchi nyingi. Miaka ya 1970 Kardinali Malula, Kinshasa, aliwakabidhi walei parokia nzima nzima waziongoze, akawaita bakambi. Mei 2021 Papa Fransisko alitoa barua inayoifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa, na ndani yake anasisitiza kwamba waandaliwe vizuri katika Biblia, teolojia na uchungaji. Nilipowasomea darasani walipiga makofi marefu. Kisha yule mzee wa mbuzi akaniomba miwani ili aione barua yenyewe kwa macho yake.

Sidai seminari zifungwe. Bila Kirungu ya 1905 hapana Kaoze, na bila Kaoze mimi nisingejua kwamba mtu wa Marungu anaweza kuandika mawazo ya watu wake yakasomwa Ulaya. Ninalodai ni kwamba tumeweka unga wote katika chungu kimoja. Kwa gharama ya kumsomesha kijana mmoja mwaka mmoja ugenini, tungeweza kuwaweka makatekista wa parokia nzima darasani kwa miezi, pamoja na wake zao, kwa Kiswahili, na kila mmoja akarudi na Biblia, mipira miwili ya kinga na miwani inayolingana na macho yake. Tena ningependa mseminari, kabla ya mwaka wake wa mwisho, akae miezi sita chini ya katekista, amshikie kitabu ng'ambo ya mto. Nimelisema hili mikutanoni. Hujibiwa kwamba ni wazo zuri.

Baba alifariki katika miaka ya vita hapa kwetu Kongo, na siku hiyo padri hakuweza kufika, barabara ilikuwa imefungwa. Nilimzika mimi. Nilifungua daftari lake, ukurasa wa kwanza, nikasoma. Pale alipokuwa ameandika neno vibaya, nililisoma hivyo hivyo vibaya. Wenye kulizoea wakaitikia.

Mafunzo ya mwaka huu yanaanza Julai, baada ya mahindi kuingia ghalani. Wamejiandikisha makatekista 31, wanawake saba miongoni mwao. Biblia ni tisa, miwani ni nne. Wewe unayesoma haya Kigoma, Kalemie au Lubumbashi, ukiwa na miwani ya kusomea uliyoiacha kwa sababu fremu imepitwa na wakati, au kitabu cha dini cha Kiswahili kilichokaa bure kabatini, mpe nahodha wa boti yoyote inayokuja Moba. Andika juu yake: Walimu wa dini, Kirungu. Pale bandarini watajua wa kumpa.